Dawa ile ile, njia nyingine: chembenano katika tiba ya saratani ya ngozi

Doksorubisini ni dawa nyekundu. Aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa saratani huenda ameiona ikiteremka kwenye mpira wa dripu, na huenda muuguzi alimtahadharisha kwamba mkojo wa mgonjwa utatoka mwekundu kwa siku moja mbili, asishtuke. Asili yake ni udongo. Watafiti wa Italia walichota udongo karibu na Castel del Monte, ngome ya kale kusini mwa nchi hiyo, wakakuta humo bakteria anayetoa rangi nyekundu yenye kuua seli. Kwake ilipatikana daunorubisini, na katika miaka ya 1960, kutoka kizazi chake kilichobadilishwa maabara, ikapatikana doksorubisini. Inaua seli za saratani bila ubishi. Tatizo ni kwamba inaumiza moyo pia, na kadiri jumla ya dozi alizopata mgonjwa inavyoongezeka ndivyo misuli ya moyo inavyozidi kuwa hatarini kudhoofika.

Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha dawa hiyo hiyo ikiwa imefungiwa ndani ya vifuko vya mafuta vyenye upana wa nanomita 80 hadi 100 hivi. Jina la biashara likawa Doxil, na ugonjwa wa kwanza iliyoruhusiwa kuutibu ni sarkoma ya Kaposi kwa watu wenye Ukimwi, yaani yale mabaka na vinundu vya zambarau au vyeusi vinavyotokea miguuni, usoni na hata ndani ya kinywa. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya nano, yaani inayobebwa na chembe ndogo mno ziitwazo chembenano, kuidhinishwa nchini humo, na uvimbe iliyoanza nao ni wa kwenye ngozi. Kwa hiyo zile habari zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwamba "wanasayansi wamegundua teknolojia mpya ya nano ya kutibu saratani ya ngozi" zina ukweli wake, ila upya wake una miaka thelathini.

Katika tiba ya aina hii kinachobadilishwa ni njia ya dawa kufika, wala sumu yenyewe haiguswi. Hilo likishakaa sawa, mengi mengine yanajieleza: kwa nini matokeo ya maabara huwa ya kuvutia mno na ya wodini huwa ya wastani, na kwa nini sisi wa Unguja na Pemba tuna maswali yetu ya kuuliza ambayo watafiti wengi hawayaulizi.

Tuanze na ukubwa. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa mtu una upana wa nanomita 80,000 hadi 100,000, na seli nyekundu ya damu ni kama 7,000 au 8,000. Chembenano za dawa huwa baina ya 20 na 200, na kipimo hicho hakikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Chembe iliyo chini ya nanomita tano au sita huchujwa na figo ikatoka na mkojo kabla haijafanya kazi. Iliyozidi 200 hunaswa kwa wingi na ini na bandama, viungo ambavyo kazi yake mojawapo ni kuokota takataka kwenye damu. Katikati hapo ndipo penye nafasi ya kuzunguka mwilini kwa muda wa kutosha.

Mvuvi ataielewa hatua inayofuata kwa haraka. Vishipa vidogo vya damu kwenye nyama yenye afya ni kama wavu wa dagaa: macho yake ni madogo, chembe ya nanomita 100 haipenyi. Uvimbe wa saratani hukua kwa pupa, hujijengea vishipa vya ovyo, na wavu wake huwa umechanika hapa na pale, mianya ikifika nanomita mia kadhaa. Chembe zinazozunguka na damu hutokea hapo. Tena uvimbe hauna mifereji mizuri ya limfu, ile inayoondoa majimaji kwenye nyama, ya kuzirudisha, basi hubaki humo zikiachia dawa polepole. Jambo hili lilielezwa mwaka 1986 na Wajapani wawili, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, na kwa miongo kadhaa likawa ndiyo nguzo ya utafiti wote wa nano katika saratani.

Vifuko vya mafuta vyenyewe vilijulikana kabla ya hapo. Muingereza Alec Bangham alivieleza katika miaka ya 1960: mafuta ya aina ile ile inayojenga ukuta wa seli, ukiyatia majini, hujikunja yenyewe yakawa viduara vyenye maji ndani. Vinaitwa liposomu. Vya mwanzo havikufaa kitu kwa saratani kwa sababu seli za kinga zilivimeza upesi sana. Doxil ilifanikiwa kwa mambo mawili. Kwanza, vifuko vilivishwa nyuzi za polima (molekuli ndefu kama mnyororo) inayopenda maji, seli za kinga zikachelewa kuvitambua, na dawa ikaweza kukaa kwenye damu siku mbili tatu. La pili ni kazi ya Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon wa Jerusalem: walitia chumvi ya amonia sulfeti ndani ya vifuko, doksorubisini ikivutwa humo inaganda kuwa fuwele na haivuji njiani. Mimi hili la pili ndilo linalonishangaza zaidi. Watu wengi walikuwa na wazo la kufunga dawa. Wachache walijua namna ya kuizuia isitoke mapema.

Moyo ukapata nafuu, kwa kuwa vishipa vyake haviruhusu vifuko vya ukubwa huo. Lakini sumu haikupotea, ilihama. Wanaotumia doksorubisini ya liposomu hupata zaidi tatizo la viganja na nyayo: ngozi inakuwa nyekundu au nyeusi zaidi, inauma, inachubuka. Na hapa pana tahadhari ambayo ndugu wa mgonjwa wanafaa kuijua. Doksorubisini ya kawaida na ya liposomu si dawa mbili za kubadilishana miligramu kwa miligramu. Dozi zake ni tofauti, na kuchanganya majina yake ni hatari.

Mfano wangu wa wavu, hata hivyo, hautoshi. Mwaka 2016 kundi la watafiti wa Toronto, Kanada, walikusanya tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama wa maabara, wakauliza swali jepesi: katika chembenano zilizochomwa mwilini, ngapi zilifika kwenye uvimbe? Jibu la wastani lilikuwa asilimia 0.7. Katika chembe 1,000, saba. Zilizobaki zilikuwa kwenye ini, bandama, na kwengineko. Miaka minne baadaye, mwaka 2020, maabara hiyo hiyo ikaonesha kwamba hata hizo zinazofika nyingi hazipiti kwenye mianya. Hadi asilimia 97 zilibebwa na seli za ukuta wa vishipa zenyewe, zikamezwa upande mmoja na kutolewa upande wa pili. Wapo wanaobishana na hesabu hizi mpaka leo. Lakini zilishusha majivuno, na ndiyo maana maneno kama "inalenga saratani tu bila kugusa sehemu nyengine" yakikujia yaulize maswali. Dawa nyingi za nano zilizofika wodini zimefaulu zaidi kwa kupunguza madhara kuliko kwa kuongeza idadi ya wanaopona.

Zilizofika kwenye uvimbe nazo bado zina safari. Seli hulimeza chembe kwa kulizungushia kipande cha ukuta wake, likajikuta ndani ya kijifuko chenye uchachu mwingi kuliko sehemu nyengine za seli. Wahandisi wa dawa hutumia uchachu huo: hutengeneza chembe kwa polima ambayo hulegea ikikutana na asidi, na hapo dawa ndipo inapotoka. Polima inayotumika sana katika tafiti ni ya familia moja na nyuzi za kushonea vidonda ambazo huyeyuka zenyewe, kwa hiyo mwili unajua namna ya kuivunja. Faida nyengine ni kwamba seli sugu za saratani zina pampu za protini zinazotema dawa nje mara tu inapoingia. Dawa iliyoingia ikiwa imefungwa huzikwepa pampu hizo, angalau kwa muda.

Sahani ya maabara na mwili wa mtu

Sasa tuje kwenye sentensi inayorudiwa sana: "chembenano ziliua seli za saratani ya ngozi." Ziliziua wapi? Mara nyingi kwenye sahani ya plastiki, ambako seli zimelala tabaka moja chini ya maji ya rangi ya waridi, na dawa imemiminwa juu yake moja kwa moja. Hakuna ini la kuinasa, hakuna damu, hakuna ngozi ya kuvuka. Jiki nayo ukiimimina humo itaua seli zote kabla hujafunga mfuniko.

Hilo halina maana kwamba majaribio hayo ni bure. Ndiyo mwanzo wa kila dawa. Ila jaribio zuri huwa na mafungu kadhaa ya seli: zisizopewa kitu, zilizopewa dawa bila chembe, zilizopewa chembe tupu isiyo na dawa, na zilizopewa chembe yenye dawa. Fungu la chembe tupu ndilo la kulitazama kwanza. Likiwa limeua seli nalo, basi unachokiona ni sumu ya kifungashio. Halafu pawe na seli za ngozi zenye afya zilizopewa dozi ile ile. Ikiwa nazo zimekufa sawasawa, dawa haijabagua chochote.

Na seli zenyewe ni za nani? Hapa ndipo panaponigusa kama mtu wa visiwani. Tafiti nyingi mno za melanoma, saratani ya seli zinazotoa rangi ya ngozi, hutumia seli za aina mbili tatu zinazokuzwa maabara duniani kote. Moja huitwa B16, ilitokana na uvimbe wa panya wa maabara mwaka 1954. Nyengine ni A375, ya binadamu, yenye badiliko katika jeni iitwayo BRAF. Badiliko hilo hupatikana katika karibu nusu ya melanoma za ngozi kwa watu weupe, ambao jua ndilo adui yao mkubwa. Melanoma inayowapata watu weusi mara nyingi ni ya aina nyengine, na badiliko hilo humo ni la nadra zaidi.

Saratani za ngozi tulizonazo sisi

Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, ile rangi yake ya asili, na melanini hunywa miale ya urujuanimno kabla haijafika kwenye kiini cha seli. Kinga hiyo ni ya kweli. Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani anayeinama kwenye maji ya kisigino tangu maji yanapokupwa, jua juu yake na mchanga mweupe chini yake, hapati melanoma ya mgongoni kama angeipata Mzungu wa Australia katika kazi hiyo hiyo. Lakini melanoma yetu hujificha mahali ambapo jua halina habari napo: unyayo, kiganja, chini ya kucha. Bob Marley alikuwa nayo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, naye akafariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Watu walisema, na wengine bado wanasema, kwamba aliumia kwenye mpira. Mpira haukumpa saratani.

Aina ya pili huanzia kwenye seli bapa za tabaka la juu la ngozi, na kwetu hupenda kuota juu ya donda ndugu lililokaa miaka au juu ya kovu la moto. Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alieleza madonda ya namna hiyo mwaka 1828, na jina lake limebaki kwenye ugonjwa. Donda la miaka kumi likianza kutoa kingo ngumu zilizoinuka na harufu mbaya, lisihesabiwe tena kuwa ni lile donda la zamani.

Halafu kuna ndugu zetu wenye ualbino. Kadirio linalotajwa sana ni kwamba Tanzania ina mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, wingi unaopita sana ule wa Ulaya. Kwao jua ndilo chanzo, na saratani huja mapema, ujanani. Ufuo unazidisha mambo: mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya miale ya urujuanimno, na povu la bahari kama 25, kwa hiyo kofia peke yake haitoshi, miale inatoka chini pia. Ya nne ni hiyo sarkoma ya Kaposi niliyoitaja.

Hali nne, asili nne. Mtu akikwambia ana chembenano ya "saratani ya ngozi", mambo haya yote kayatia kapu moja.

Ya kupaka au ya kuchoma?

Hilo ndilo swali la kwanza la mgonjwa yeyote wa kwetu, na ni swali la kitaalamu hasa. Ngozi iko nje, inaonekana, inashikika. Kwa nini tusipake tu?

Kwa sababu kazi ya ngozi ni kuzuia vitu visiingie, na inaiweza. Tabaka lake la juu kabisa ni seli zilizokufa zilizobanana na kugandishwa kwa mafuta. Mkononi unene wake ni nanomita 10,000 hadi 20,000. Wafamasia wana kanuni isiyo rasmi kwamba molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) haivuki ngozi nzima kwa urahisi. Florourasili, dawa ya saratani ambayo ipo kweli kama krimu, ina uzito wa 130. Doksorubisini ina 543 na paklitakseli, dawa nyengine ya saratani, 854. Na hizo ni molekuli moja moja. Chembenano yenye maelfu yake ndani ni kubwa mno kupenya ikiwa nzima.

Njia iliyobaki ni vinyweleo. Chembenano zikipakwa na kusuguliwa huteremka kando ya unywele zikakaa kwenye shina lake, na kutoka hapo dawa huvuja taratibu kwenda kwenye nyama ya jirani. Watafiti wengi wa dawa za nano za kupaka wanaitegemea njia hii. Sasa geuza mguu wako uutazame unyayo. Una vinyweleo? Hauna hata kimoja, wala kiganja. Na tabaka la juu la unyayo ni nene mara nyingi kuliko la mkono, achilia mbali sugu za wanaotembea pekupeku. Yaani mahali ambapo melanoma yetu inapenda kukaa ndipo ambapo dawa ya nano ya kupaka ina nafasi ndogo kuliko pote mwilini. Kuna watafiti wanaojaribu viraka vyenye visindano vidogo mno visivyofika kwenye neva, ili vitoboe tabaka hilo. Kwa unyayo naona huko ndiko kwenye matumaini, ingawa kazi yenyewe bado ni ya maabara na majaribio.

Kwa mabaka makavu yenye magamba yanayowatokea wenye ualbino usoni na kichwani, ambayo hayajawa saratani lakini yanaelekea huko, hali ni nzuri zaidi. Ipo jeli iitwayo Ameluz, yenye asidi aminolevuliniki ndani ya matone ya mafuta ya kipimo cha nano, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2016. Hupakwa, hufunikwa kwa muda wa saa tatu hivi, na seli mbovu huigeuza kuwa kitu kinachonasa mwanga. Kisha taa nyekundu huwashwa juu yake kwa dakika kama kumi, na seli zilizokusanya kitu hicho huungua kutoka ndani. Ngozi isiyo na melanini haizuii mwanga wa taa, kwa hiyo kwa hesabu ya fizikia wenye ualbino wangefaa kwa tiba hii. Kwa hesabu ya maisha kuna shida: mgonjwa anatakiwa aepuke jua kwa saa 48 baada ya tiba, na lazima pawe na taa maalumu na mtu anayejua kuitumia. Kumwambia kijana wa Micheweni mwenye ualbino aepuke jua ni rahisi. Nyumbani kwao shamba, maji na dukani kote ni juani.

Kwa hao, chembenano yenye faida kubwa leo haina dawa ya saratani ndani yake. Losheni nyingi za jua zina zinki oksaidi au titani dioksaidi iliyosagwa hadi kipimo cha nano ili isiache weupe usoni, na hiyo inatakiwa ibaki juu ya ngozi, isiingie. Zimejaa kwenye mabegi ya watalii wa Nungwi. Mjini Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, kumekuwa kukitengenezwa losheni iitwayo Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino. Chupa moja ya losheni inayofika kila mwezi bila kukatika inazuia vidonda vingi kuliko utafiti wowote niliousimulia hapa, na nasema hivyo nikiupenda utafiti huo.

Mahali ambapo nano imeruka hatua

Jambo moja jipya kweli limetokea kwenye melanoma. Chembe za mafuta za aina ile iliyobeba mRNA, yaani maagizo ya kutengeneza protini, katika chanjo za Uviko-19 za Pfizer na Moderna sasa zinabebeshwa maagizo mengine. Mgonjwa hukatwa uvimbe, uvimbe husomwa jeni zake, na kampuni ya Moderna ikishirikiana na Merck huandika mRNA yenye alama za protini zisizozidi 34 ambazo ziko kwenye saratani ya mtu huyo peke yake. Huchomwa kwenye msuli, seli za kinga hujifunza alama hizo, zikaenda kuwinda mabaki. Katika jaribio la wagonjwa 157 waliokwisha kukatwa melanoma hatari, waliopewa chanjo hiyo pamoja na dawa ya kinga pembrolizumabu walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 44 ya ugonjwa kurudi au kufariki, wakilinganishwa na waliopewa pembrolizumabu peke yake. Jaribio kubwa zaidi lilianza mwaka 2023.

Hapa chembenano haikubeba sumu hata kidogo. Na lile tatizo la asilimia 0.7 halina uzito tena, maana chembe haihitaji kufika kwenye uvimbe. Inahitaji kukutana na seli za kinga, nazo zinameza chembe kwa hamu kubwa. Kile kilichokuwa kasoro ya nano kimegeuzwa kuwa kazi yake. Gharama ni habari nyengine. Dawa ya mtu mmoja, inayoandikwa upya kwa kila mgonjwa, inayotaka maabara ya kusoma jeni, na inayoambatana na pembrolizumabu ya dripu kila baada ya wiki tatu, haitashuka kwenye boti ya Pemba hivi karibuni.

Kuna watu huniuliza kama sisi wenyewe tunaweza kuchangia kitu, na jibu linaota baharini. Mwani umelimwa Unguja kibiashara tangu mwaka 1989. Mwani wa spinosamu hutoa karajinani, kitu kama ute mzito, ya aina ya iota, na wa kotonii hutoa ya aina ya kapa. Karajinani ina chaji hasi. Kitosani, inayotolewa kwenye magamba ya kamba na kaa, ina chaji chanya. Ukizichanganya majini kwa kipimo sahihi hushikamana zenyewe zikawa chembenano zinazoweza kubeba dawa. Hilo limefanyika maabara na kuchapishwa. Sisi tunauza mwani mkavu kwa kilo. Ila kula mwani au kuupaka hakutibu uvimbe, kama ambavyo mafuta ya karafuu hayatibu. Yujenoli, kemikali kuu ya karafuu, huua seli za saratani kwenye sahani, nalo ni lile lile la jiki. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza ngozi, na mtu anayeyapaka juu ya kinundu anampotezea daktari alama za kutazama, na anajipotezea miezi.

Kwa sasa, anayeona kitu asichokielewa kwenye ngozi yake huanza na kukatwa kinyama kidogo kikapimwe. Bila kinyama hakuna anayejua ni saratani ya aina gani, na dawa ya moja haifai kwa nyengine. Melanoma changa na saratani ya seli bapa iliyowahiwa hutibiwa kwa kisu, zikaondoka. Kwa miaka mingi wanaohitaji mionzi wamekuwa wakivuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Cha kutafuta ni doa jeusi unyayoni linalopanuka au lenye kingo zisizo sawa, mstari mweusi kwenye ukucha mmoja unaozidi upana au unaoingia kwenye nyama ya pembeni, na donda lisilofunga. Anayetia udhu mara tano kwa siku anaiosha miguu yake kila mara. Anachokosa ni kuugeuza unyayo juu. Wanawake wana kizuizi kimoja zaidi, kwa sababu piko na hina hufunika rangi ya nyayo na kucha kwa wiki kadhaa, na doa jeusi chini ya maua meusi halionekani na mtu yeyote, hata daktari. Kabla ya harusi, miguu itazamwe mchana kwenye mwanga, ndipo mpakaji aitwe.